Wasichana Wawili wa Bonde la Fergana

JAMAA ZETU

Mara kwa mara baba au mama mkristo hutuletea swali hili: «Binti yetu apenda ngoma za wazee. Shuleni wamemchagua acheze mbele ya watu siku ya sikukuu. Tumwache, au tumzuie? Je, heshima yake haitapotea?»

Swali hilo si dogo. Wazazi wengine hulijibu upesi: «Mwacheni, ni mtoto tu.» Wengine nao hulijibu upesi vilevile: «Mfungieni nyumbani.» Lakini haraka haina baraka, na jibu la haraka mara nyingi si jibu. Basi leo hatutaanza kwa kutoa kanuni. Tutawasimulia habari ya kweli iliyotokea mbali nasi, katikati ya bara la Asia. Ni habari ya wasichana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, katika bonde moja, nao wote wawili walipenda ngoma za mama zao. Mmoja aliuawa angali mtoto. Mwingine aliishi, akacheza, akafundisha, hata mataifa mengi yakajifunza jina la inchi yake. Mkiisha kuisoma habari hiyo, mtajibu wenyewe.

Inchi yao yaitwa Uzbekistan. Haina bahari. Upande mmoja ni jangwa, upande mwingine ni milima mirefu yenye theluji, na mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, ndiyo inayowapa watu maji ya kunywesha mashamba yao. Upande wa mashariki, katikati ya milima, liko bonde la Fergana lenye rutuba. Humo watu hulima pamba na matunda, nao hufuga viwavi wa hariri. Katika bonde hilo umo mji wa Margilan, ambao tangu zamani umesifiwa kwa vitambaa vya hariri vya rangi nyingi. Wenyeji wengi ni waislamu. Zamani za misafara walipita huko wafanyabiashara waliotoka China kwenda upande wa machweo, na pamoja na bidhaa zao walichukua nyimbo, vinanda na ngoma.

Sasa tutazame desturi za nyumba zao kama zilivyokuwa miaka mia na zaidi iliyopita. Nyumba ya mwenye mali iligawanyika sehemu mbili: sehemu ya nje ya wanaume na wageni wao, na sehemu ya ndani, iitwayo ichkari, ya wanawake na watoto. Mwanamke wa mjini akitoka nje alivaa joho refu liitwalo paranja, lililomfunika kutoka kichwani hadi miguuni, na mbele ya uso aliteremsha utaji mzito mweusi uliofumwa kwa nywele za farasi. Hakuna mtu aliyeweza kumtambua njiani.

Lakini msidhani kwamba wanawake hao hawakujua furaha. Ndani ya ua wa ichkari, siku za arusi, siku za kuzaliwa mtoto, au siku za sikukuu ya kuanza kwa majira mapya, walikusanyika wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alishika ngoma ya mkononi, nyembamba na ya mviringo, yenye pete ndogo za chuma upande wa ndani. Waiita doira. Jina hilo lisiwashangaze: limetoka katika neno lile lile la kiarabu lililotupa sisi neno «duara». Ni jamaa ya matari yale tunayosoma habari zake katika kitabu cha Kutoka, aliyoyashika Miriamu na wanawake wa Israeli walipovuka bahari. Mmoja akipiga, mwingine aliinuka kucheza, na wasichana wadogo walikaa kando wakitazama mikono ya mama zao. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao. Mwalimu alikuwa bibi, na darasa lilikuwa ua wa nyumba.

Mbele ya wanaume, mwanamke mwenye heshima hakucheza kamwe. Katika karamu za wanaume walicheza wavulana, hata wengine wakavikwa nguo za kike. Basi ngoma za wanawake zilibaki ndani ya kuta, kama maji katika mtungi uliofunikwa.

Mtu wa kwanza kulifungua kifuniko cha mtungi huo alikuwa Tamara Khanum. Alizaliwa mwaka 1906 katika bonde lile la Fergana. Jamaa yake ilikuwa ya Waarmenia, taifa lililopokea ukristo tangu mwanzo wa karne ya 4. Mtoto huyo alikua katikati ya majirani waislamu; alijua lugha yao kama lugha yake, akapenda nyimbo na ngoma zao. Alipokuwa kijana alijitokeza kucheza mbele ya watu, uso wake wazi. Mwaka 1924 alikwenda kusoma Moscow. Mwaka 1925 alicheza Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mataifa, pamoja na mwimbaji Muhiddin Qori-Yoqubov. Mwaka 1926 mwimbaji huyo alianzisha kundi la waimbaji, wapiga vinanda na wachezaji, lililosafiri mji kwa mji. Mwaka 1935 Tamara alicheza London mbele ya mataifa yaliyokusanyika huko kuonyesha ngoma zao.

Pamoja naye huko London alikuwako mzee mmoja aliyezaliwa Margilan, jina lake Usta Olim Komilov. Neno «usta» ni la heshima, maana yake ni fundi aliyekamilika. Lina uhusiano na neno letu «ustadi». Mzee huyo alikuwa bingwa wa doira. Kichwani mwake alihifadhi mapigo mengi ya zamani, na kila pigo lilikuwa na jina lake na mwendo wake wa kucheza. Tamara na wenzake walikaa miguuni pake kama wanafunzi. Hawakujitungia ngoma kwa kupenda tu, wala hawakuiga ngoma za Ulaya na kuzivika kofia ya kwao. Walimwendea aliyejua, wakamwomba awafundishe. Neno hilo lishikeni, wasomaji, kwa sababu tutalirudia.

Wakati huo inchi ile ilikuwa chini ya utawala wa Wasovieti. Serikali hiyo haikumwamini Mungu, nayo ilitaka kubadili desturi zote kwa mara moja. Tarehe 8 Machi 1927 ilianza shughuli kubwa iliyoitwa Hujum, yaani shambulio. Wanawake waliitwa katika viwanja vya miji, wakahimizwa kuvua paranja na kuzitupa motoni. Wengine walivua kwa furaha, kwa sababu walikuwa wameitamani siku hiyo. Wengine walivua kwa kuogopa wakubwa, na kesho yake wakavaa tena kwa kuogopa waume zao na majirani. Maskini wanawake hao! Mkono mmoja uliwavuta mbele, mkono mwingine ukawavuta nyuma, na hakuna aliyekaa nao chini kuwauliza: «Mwenzetu, wewe wataka nini?»

Hasira ya waliopinga haikuiangukia serikali, kwa maana serikali ilikuwa na askari. Iliwaangukia wanawake, ambao hawakuwa na kitu. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya mwaka 1927 na 1929 wanawake wapatao 2000 waliuawa kwa sababu ya jambo hilo, na wengi wao waliuawa na watu wa nyumba zao. Mwaka 1928 mwimbaji kijana Tursunoy Saidazimova, aliyesifiwa sana kwa sauti yake, aliuawa na mume wake mwenyewe.

Sasa tumewafikia wasichana wetu wawili.

Wa kwanza aliitwa Nurkhon Yuldasheva. Alizaliwa Margilan mwaka 1913. Alipenda ngoma kuliko kitu chochote, na mwaka 1928 alitoroka nyumbani, akajiunga na kundi la Qori-Yoqubov. Alivua paranja, akacheza mbele ya watu. Mwaka 1929 kundi lilifika kucheza katika mji wake wa kuzaliwa. Nurkhon akarudi Margilan, si kwa siri, bali kama mchezaji. Tufikiri kidogo: mtoto anayerudi mjini kwao hutamani nini, kama si kuonana na watu wake? Lakini huko Margilan kaka yake mwenyewe alimchoma kisu, akafa. Hakuwa ametimiza, au ndiyo kwanza alikuwa ametimiza, miaka 16.

Kwa nini kaka alifanya hivyo? Kwa ajili ya heshima, ndivyo ilivyosemwa. Watu walidhani kwamba msichana ameichafua heshima ya jamaa, na kwamba damu yake ingeisafisha.

Wasomaji wapendwa, tusipite hapa upesi. Katika Injili twasoma habari ya binti Herodia aliyecheza katika karamu ya mfalme Herode, na zawadi aliyoiomba ikawa kichwa cha Yohane Mbatizaji. Wahubiri wengi wametumia habari hiyo kuwatisha wasichana wachezao. Lakini isomeni tena vizuri. Nani aliyepanga kifo kile? Mama mwenye kinyongo. Nani aliyeapa ovyo mbele ya wageni? Mfalme. Nani aliyetoa amri kwa kuona haya kuvunja kiapo chake? Mfalme yule yule. Miguu ya mtoto haikumwua Yohane. Waliomwua ni watu wazima walioogopa macho ya watu kuliko macho ya Mungu. Na huko Margilan ndivyo ilivyokuwa. Kaka wa Nurkhon aliogopa macho ya mji. Heshima inayolindwa kwa kisu si heshima. Ni woga uliovaa nguo ya heshima. Amri ya Mungu isemayo usiue haikumwekea kando kaka, wala baba, wala mume.

Na tusiseme kwa kiburi: «Hayo ni mambo ya watu wa mbali.» Kisu kina namna nyingi. Yuko binti asiyechomwa kwa chuma, lakini huchomwa kila siku kwa maneno ya baba yake. Yuko binti anayefukuzwa nyumbani usiku kwa kosa dogo, na njiani humngoja makosa makubwa. Mzazi wa namna hiyo naye husema: «Nalinda heshima yangu.»

Msichana wa pili aliitwa Mukarram Turgunbayeva. Naye alizaliwa mwaka 1913, katika mji wa Fergana, karibu sana na Margilan. Mwaka ule ule wa 1929, mwaka wa kifo cha Nurkhon, Mukarram aliingia katika jumba la michezo na nyimbo huko Samarkand, mji uliokuwa makao makuu ya Uzbekistan wakati huo. Habari za kisu cha Margilan zilijulikana katika inchi nzima. Kila msichana aliyepanda jukwaani mwaka ule alijua hatari yake. Naye Mukarram alipanda.

Hatujui tumpe sifa gani kubwa zaidi kuliko hii: hakucheza kwa kisasi, wala kwa kuwacheka wazee. Ukitazama ngoma zake huoni dharau yoyote. Waona kinyume chake. Mambo yote mazuri aliyoyaona kwa akina mama wa ichkari, yaani haya, upole, kicheko cha kujificha, huzuni ya moyoni, aliyachukua pamoja naye hadi jukwaani. Kuta zilibaki nyuma. Adabu alitoka nayo.

Yafaa tuwaeleze kidogo ngoma hizo, kwa maana hazifanani na zetu. Sisi tukisikia ngoma, miguu na kiuno na mabega hujibu kwanza. Kwao, miguu huenda polepole chini ya vazi refu, nayo mikono ndiyo isemayo. Kifundo cha mkono huzunguka kwa ulaini, vidole hufunguka kama ua, shingo huteleza kidogo upande huu na upande huu, na macho hufuata mkono. Mchezaji huvaa kofia ndogo iliyotariziwa, na nywele zake husukwa misuko mingi myembamba mirefu, ambayo hupaa hewani anapozunguka kwa kasi.

Zako namna tatu kubwa. Ya Fergana ni ya upole na duara, kama maji yanayotembea mferejini. Ya Bukhara ni nzito na ya fahari. Mchezaji huvaa nguo iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, hufunga njuga mikononi, na huinama nyuma sana bila kuanguka. Ya Khorezm, karibu na jangwa, ni ya moto. Mwili wote hutetemeka hata ncha za vidole, na ngoma yao maarufu iitwayo Lazgi huanza polepole kwa vidole tu, halafu huenea kama homa. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliiandika Lazgi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Ziko pia ngoma za kazi. Mojawapo yaitwa Pilla, yaani kifukofuko cha hariri. Iliundwa na Tamara Khanum pamoja na Usta Olim kutokana na kazi ambayo wanawake wa Fergana hufanya kila mwaka. Mchezaji huonyesha jinsi mayai madogo ya viwavi yanavyotunzwa kwa joto, jinsi viwavi wanavyolishwa majani ya mforsadi, jinsi uzi unavyovutwa na kufumwa. Hakuna uzi wowote mikononi mwake, lakini watazamaji huuona. Mama aliyechoka kwa kazi hiyo, akitazama ngoma hiyo, huiona kazi yake imepewa heshima. Hilo ni jambo kubwa. Je, ni mara ngapi sisi tumemwonyesha mama anayetwanga kwamba mwendo wa mchi wake una uzuri?

Mukarram alipendwa sana alipocheza peke yake ngoma iitwayo Tanovar, ngoma ya mwanamke mwenye uchungu wa mapenzi, na nyingine iitwayo Munojot, neno lenye maana ya dua ya faragha. Katika ngoma hizo hakuna mbio wala kelele. Mwanamke mmoja anasimama katikati ya jukwaa kubwa, akisema kwa mikono yale ambayo mama yake na bibi yake waliyanyamazia. Watu walilia.

Serikali ilimpa nishani na majina makubwa. Mwaka 1959 alipewa jina la Msanii wa Watu wa Muungano wa Sovieti, jina la juu kuliko yote kwa msanii. Lakini sisi twaona kwamba kazi yake kubwa haikuwa hiyo. Mchezaji ana miaka michache. Magoti huchoka, na kila mwaka huja msichana mwenye magoti mapya. Wengi wakifika hapo hukaa na kuhesabu sifa za zamani. Mukarram hakufanya hivyo. Mwaka 1957, alipokuwa na miaka 44, alianzisha kundi la wasichana watupu, akaliita Bahor. Katika lugha yao bahor ni majira yale ambapo theluji huyeyuka na miti huchanua. Aliliongoza kundi hilo mpaka kufa kwake mwaka 1978, miaka 21 mizima.

Kufundisha ngoma kama hizo si mchezo. Zamani ngoma ya ichkari ilikuwa ya mtu mmoja: kila mama alicheza kwa namna yake. Mukarram alitaka wasichana wengi wacheze pamoja kama mtu mmoja, lakini ngoma isipoteze roho yake. Kwa hiyo ilimpasa kuivunja ngoma vipande vidogo: mkono huu, kidole hiki, mtazamo huu, pigo hili, kisha kuiunga tena katika miili mingi. Msichana hujifunza kwanza kusimama. Halafu hujifunza mkono mtupu, bila miguu. Halafu hujifunza kusikiliza doira hata aweze kulitamka kila pigo kwa mdomo. Kuzunguka kwa kasi, kunakopigiwa makofi na watu, huja mwishoni kabisa. Asiye na subira hawezi. Na mwalimu asiye na subira hawezi zaidi.

Wengine walimsaidia kwa njia nyingine. Roziya Karimova, aliyezaliwa mwaka 1916, naye mchezaji, alizichunguza ngoma za Fergana, za Khorezm na za Bukhara, na katika miaka ya 1970 akatoa vitabu vinavyoeleza miendo yake, ili kizazi kitakachokuja kisipotee njia. Tamara Khanum naye aliishi miaka mingi. Aliimba na kucheza nyimbo za mataifa mengi, na mavazi yake yamewekwa katika nyumba yake huko Tashkent, ambayo sasa ni nyumba ya makumbusho. Alikufa mwaka 1991, mwaka ule ule ambao Uzbekistan ilipata uhuru na Muungano wa Sovieti ukavunjika.

Na Nurkhon je? Wakati wa Wasovieti sanamu yake ilisimamishwa Margilan. Baada ya uhuru iliondolewa. Ndivyo zilivyo sifa za serikali: leo hukusimamisha, kesho hukuondoa. Lakini ngoma ambayo Nurkhon hakuimaliza haikuondolewa na mtu. Leo huchezwa na maelfu ya wasichana wa Uzbekistan katika shule na arusi, na hata Ulaya na Marekani wako wanawake wanaojifunza mwendo wa mkono wa Fergana. Jiwe liliondoka, kilichofundishwa kilibaki.

Sasa turudi kwa baba na mama waliotuuliza.

Kwanza, tusidhani kwamba ngoma yenyewe ni dhambi. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Bwana, na Mikali mke wake, aliyemdharau kutoka dirishani, hakupata sifa kwa dharau yake. Hapa kwetu Kongo twalijua jambo hilo vema: mwaka 1988 Kanisa lilikubali utaratibu wa Misa wa majimbo yetu, na tangu hapo wengi wenu mmecheza kwa heshima katika Misa, padri naye akizunguka altare wakati wa Utukufu. Mwili uliumbwa na Mungu. Waweza kumsifu Mungu.

Pili, si kila ngoma yafaa, wala si kila mahali, wala si kila mtu anayemwalika binti kucheza ana nia njema. Hapo wazazi mna haki ya kuuliza, tena mna wajibu. Nani anayemfundisha? Watacheza wapi, saa ngapi, mbele ya nani? Nani atamrudisha nyumbani? Je, ngoma hiyo humheshimu, au humfanya kuwa kitu cha kutazamwa na walevi? Baba anayeuliza hivyo si adui wa binti yake. Lakini akiisha kuuliza na kupata jibu jema, asishike tena mlango. Heri aende naye, akae mstari wa mbele, ampigie makofi. Binti anayemwona baba yake kati ya watazamaji atacheza kwa adabu kuliko yule aliyetoroka kwa dirisha.

Tatu, na hili ndilo neno tulilowaambia mlishike: heshima hufundishwa kama ngoma inavyofundishwa. Haiingizwi kwa kisu, kama alivyodhani kaka wa Nurkhon. Haiingizwi kwa amri ya wakubwa, kama walivyodhani wale waliochoma paranja viwanjani. Hufundishwa kidogo kidogo, na mtu mzima anayekaa karibu: kusimama kwanza, halafu mkono, halafu kusikiliza. Kuzunguka kwa kasi huja mwishoni. Mzazi anayetaka binti yake awe na heshima ya miaka 20 akiwa na miaka 12, bila kumfundisha hatua zilizo katikati, atamwona akianguka, naye atamlaumu mtoto.

Na ninyi wanafunzi, msikie nanyi neno lenu. Bibi zenu wangali hai. Vichwani mwao zimo ngoma na nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Usta Olim alikuwa mzee tu mwenye ngoma mkononi, mpaka vijana walipokuja kukaa miguuni pake. Likizo ijayo, mkienda kijijini, msikae na simu tu. Mwendeeni bibi, mkamwambie: «Bibi, tufundishe.» Chukueni daftari, mwandike maneno ya wimbo, jina la ngoma, huchezwa lini na kwa nini. Kaka nao wasimame mlangoni, si kwa kisu, bali kwa kushika ngoma na kupiga.

Mwaka 1913 Mungu aliwapa watu wa bonde la Fergana watoto wawili wenye kipaji kimoja. Mmoja walimzika. Mwingine akawafundisha wengi. Katika jamaa zetu naye Mungu ameweka watoto. Sisi ndio tutakaochagua tuwe kwao nani: kaka mwenye kisu, au mzee mwenye doira.